Kiapo cha Buni Mbili

Mhaya ukimwomba akutajie mambo sita aliyoyafanya maishani, tafuta kiti kabisa, maana atakutajia sitini na ataanza na shule aliyosoma. Ndiyo maana Nathanael Karugendo alijishangaa mwenyewe. Redio moja ya pale Bukoba ilikuwa imemwalika Jumamosi saa nne asubuhi, katika kipindi ambacho msanii mkongwe huchagua nyimbo zake sita na kueleza kila mmoja ulivyozaliwa. Alipewa wiki nzima ya kujiandaa. Kufikia Alhamisi karatasi yake ilikuwa na nyimbo tano tu, na mbele ya namba nne palikuwa patupu.

Si kwamba wimbo wa nne ulikuwa umepotea. Mtu yeyote aliyekuwa na masikio mwaka 2006 aliujua. Uliitwa "Hajui A", ulipigwa kutoka Bukoba hadi Mtwara, na ndio uliomfanya Nathanael aitwe Nata K na watu wasiomjua baba yake. Kwenda redioni kueleza maisha ya Nata K bila "Hajui A" ni sawa na kumkaribisha mgeni ndizi ukamletea sufuria tupu. Lakini kila alipotaka kuuandika, tumbo lilimwaka.

Tumbo hilo lina hadithi yake, na haieleweki bila kumjua Muharami.

Walijuana Kahororo mwaka 1998. Nathanael alikuwa kidato cha tatu. Muharami hakuwa kidato chochote, alikuwa akiuza vitumbua vya bibi yake Mwamvita barabarani, karibu na shule. Aliuza kwa mashairi. Ukinunua kitumbua kimoja alikupa mistari miwili juu ya jina lako, ukinunua vitatu alimchana adui yako bure. Nathanael, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, alikuwa na sauti nzito na daftari safi, lakini kichwani hakuwa na kitu. Wakaungana. Muharami anatunga, Nathanael anaandika, kisha wote wawili wanaimba. Wakajiita Buni Mbili, kwa sababu tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolaliana.

Wimbo wa kwanza kwenye karatasi ulikuwa "Shikamoo Bukoba", walioupeleka Mwanza kwa meli mwaka 2001 na kuurekodi katika chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Wa pili, "Rubisi ya Babu", uliosifu pombe ya ndizi, ulichekesha harusi zote za mkoa. Wa tatu, "Barua kwa Mae", uliliza kina mama. Zote tatu zilitoka kichwani mwa Muharami. Kwenye kaseti paliandikwa "Mtunzi: Nata K", kwa kuwa Nata ndiye aliyeshika kalamu, na Muharami hakulalamika. Angelalamikaje? Asingeweza kuyasoma hayo maandishi.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake. Kule Mwanza mtu wa studio alimpa karatasi ya mistari, Muharami akaishika juu chini, na Nathanael akaona. Waliporudi nyumbani Muharami akamweleza yote: wazazi waliokufa mapema, vitumbua vilivyoanza alfajiri, shule ambayo hakuiona zaidi ya miezi minne. Alilia. Akasema, "Mtu akijua, nitachekwa mpaka kaburini. Msanii asiyejua kusoma!"

Nathanael akasema, basi tunywane. Babu yake, Ta Rugambwa, alikuwa amemsimulia jinsi wazee walivyofanya omukago, undugu wa damu. Wakaenda kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa nyuma ya nyumba ya kina Nathanael mtaa wa Hamugembe, wakachuma tunda moja la kahawa, wakalipasua. Kila mmoja akajichanja kwa wembe karibu na kitovu, akapaka punje yake damu, akamwekea mwenzake mkononi. Kiapo ni hiki: siri ya tumbo lako ni ya tumbo langu, mama yako ni mama yangu, na atakayevunja, buni itavimba humo humo ndani impasue. Nathanael akameza yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mwinjilisti na dhamiri ilianza kumsuta kwa mambo ya kienyeji, akaona si vizuri kuacha kiapo bila sala. Akafumba macho, akaomba kwa urefu wa Kilutheri, akasema amina.

Miaka mitano baadaye akakivunja. Alikuwa Dar es Salaam peke yake, Muharami akiwa amekataa kumwacha bibi yake mgonjwa. Mtangazaji mmoja akampigia Muharami simu na kumuuliza kama Nata K atafanikiwa bila yeye. Muharami akajibu hewani, akicheka, "Nata ni kipaza sauti kizuri. Sasa atafute wa kusema ndani yake." Lilikuwa neno la kweli, na neno la kweli likisemwa kwa kicheko linauma mara mbili. Wiki ile ile Nathanael akarekodi "Hajui A":

*Mpe gazeti, atalishika juu chini,*
*Mpe kalamu, atachokonolea jino mdomoni.*

Nchi nzima ikacheka. Bukoba, watu wakawa wanamsimamisha Muharami sokoni na kumpa magazeti. "Hebu tusomee hapa, waitu." Alivumilia miezi mitatu. Bibi yake alipofariki, akachukua mke wake Yasmin akahamia kwao Yasmin, Kamachumu, na kuimba akaacha kabisa. Hakujibu kwa wimbo. Hakujibu kwa neno. Hilo ndilo lililomtisha Nathanael kuliko yote, maana mtu asiyejibu amekuachia kiapo kikujibu.

Na kilijibu. Mwaka 2009 tumbo likaanza kuwaka. Daktari akasema vidonda vya tumbo, akampa dawa, akamkataza pilipili. Nathanael alikunywa dawa zote na kuitikia vizuri, lakini moyoni alijua anachokijua. Hakumwambia daktari habari ya buni, kwa aibu. Hakumwambia mchungaji, kwa aibu zaidi.

Wimbo wa tano, "Dar Hakuna Migomba", aliutunga mwenyewe, na ulifeli kwa haki kabisa. Wa sita ulikuwa "Tarehe Kumi". Tarehe kumi Septemba 2016 tetemeko liliitikisa Bukoba, na nyumba za Hamugembe zikalala chini. Nathanael alikuwa Dar. Alipopata nauli na kufika, alimkuta mama yake, Ma Benadetha, ndani ya kibanda cha mabati kilichosimama wima, chenye mlango wenye komeo. Aliuliza nani kakijenga.

"Muharami," mama akasema. "Alikuja kesho yake. Alikaa siku kumi na moja, analala pale nje chini ya turubai. Hata maji ya kuoga alinichotea."

Nathanael aliondoka akaenda kukaa peke yake kwenye migomba. Aliona aibu kiasi cha kutamani ardhi itikisike tena. Lakini mtu haachi kujitafutia mto wa kulalia. Taratibu akajiambia: ni kiapo. Mama yako ni mama yangu, si ndivyo tulivyoapa? Muharami hana ujanja, buni imemfunga. Akaishi na maneno hayo miaka tisa, na hata aliporudi Bukoba moja kwa moja na kufungua chumba cha kurekodi kwaya nyuma ya nyumba, hakuwahi kupanda Kamachumu. Kila Krismasi alituma salamu kwa watu.

Sasa Alhamisi hii mama yake alikuwa anamenya ndizi uani, akamwona amekunja uso juu ya ile karatasi.

"Ni tumbo au ni redio?"

"Vyote, mae."

"Nenda Kamachumu. Nilikwambia juzi, nikakwambia mwaka jana. Unangoja nife ndipo mkutane kwenye kaburi langu mkiwa mmevaa suti? *Genda*, waitu, genda."

Akaenda Ijumaa. Alishuka kwenye gari Muhutwe, akamalizia mlima kwa bodaboda, akiwa amejipangia maneno njia nzima. Alikuwa amekusudia mambo mawili: aombe msamaha, na aombe ruhusa ya kuupiga ule wimbo. Akinyimwa yote mawili, atampigia mtangazaji simu aseme anaumwa. Wala isingekuwa uongo.

Muharami alikuwa kwenye mashine ya kukoboa kahawa ambako alikuwa fundi. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeingia mvi, na maganda ya kahawa yamemjaa hadi kwenye nyusi. Alimwona Nathanael mlangoni. Hakuzima mashine. Aliinua kidole kimoja kumaanisha subiri, akamaliza gunia lililokuwamo, akamaliza na lililofuata, ndipo akazima.

"Nata," akasema. "Umezeeka vibaya. Ni pilipili?"

"Ni tumbo."

"Pole. Twende nyumbani, Yasmin ameivisha."

Waliketi kwenye baraza. Yasmin akaleta ndizi na maharage, akamsalimu Nathanael kwa upole wa mtu anayejizuia kusema, akaingia ndani na kuuacha mlango wazi ili asikie. Nathanael hakugusa chakula. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka, akabaki na yale ya chini kabisa.

"Muharami, nilikutendea ubaya. Siri yako niliimeza kwa damu, nikaitapika mbele ya nchi nzima. Wewe umekishika kiapo mpaka leo, hukunijibu, ukamjengea mama. Mimi nilikivunja, na buni inanila. Miaka kumi na sita inanila humu." Akajishika tumbo. "Nimekuja uniombee iniachie. Nisamehe."

Uso wa Muharami ukafanya kitu ambacho Nathanael hakukitarajia: ukaona haya. Akaangalia chini, akasugua maganda kwenye viganja vyake.

"Nata, ile buni yako niliitema."

"Uliitema wapi?"

"Kwenye migomba, pale pale. Bibi Mwamvita alinilea nikijua damu ni haramu, hata ya kuku hakuruhusu idondokee mboga. Nilipoiweka mdomoni nikamwona bibi kama amesimama mbele yangu. Nikaificha chini ya ulimi. Nikawa najiuliza nitaitoaje mbele ya mwenzangu. Basi ukafumba macho ukaanza kuomba." Akatikisa kichwa. "Uliomba kwa muda mrefu sana, Nata. Ningeweza kutema, nikasukutua, nikarudi. Uliposema amina nami nikasema amina."

Ndani ya nyumba Yasmin alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Kwa hiyo..." Nathanael akainua kichwa. "Kwa hiyo hatukunywana."

"Kunywana ni kwa wawili. Ulikunywa peke yako, kama mlevi."

Nathanael akacheka. Alianza polepole, kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kumbe hakukuwa na kiapo! Miaka kumi na sita alikuwa akiogopa punje ya kahawa isiyomhusu, kumbe ni vidonda vya tumbo vya kawaida kabisa kama vya watu wote, na daktari wa watu alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Alijisikia mwepesi. Akavuta sahani, akala ndizi tatu mfululizo. Muharami naye alicheka, tena alicheka kama mtu aliyetua gunia.

"Hujui lilivyonitesa," Muharami akasema. "Wimbo wako ulipotoka, nikasema: haki yangu. Mimi ndiye niliyemdanganya kwanza. Angejua nimetema, asingeniita ndugu hata siku moja. Ndiyo maana sikukujibu. Nilikuwa naona tumelipana."

"Na mimi nilidhani unaiachia buni inijibu."

"Nilikuwa naogopa uje uniulize."

Wakacheka tena. Nathanael alikuwa amenyoosha mkono kuchukua ndizi ya nne alipokumbuka kibanda cha mabati. Mkono ukabaki hapo hapo juu ya sahani. Mlango wenye komeo. Siku kumi na moja chini ya turubai. Ule mto aliokuwa akiulalia miaka tisa uliondolewa chini ya kichwa chake, na kichwa kikagonga sakafu.

"Muharami. Kama hukuapa, kwa nini ulimjengea mama?"

Muharami alimshangaa kwa dhati, jinsi unavyomshangaa mtu mzima anayeuliza mvua inatoka wapi.

"Alikuwa amekaa nje, Nata. Na mawingu yalikuwa yametanda. Ulitaka kwanza nijiulize kama nilimeza?"

Nathanael akalia. Hakulia kwa ustaarabu, alilia na ndizi mdomoni, na Muharami akamwacha. Alilia kwa aibu, ndiyo, lakini zaidi alilia kwa nafuu, kama mtu aliyeambiwa kuwa ugonjwa aliouogopa si wake. Maana angekuwa na kiapo angedaiwa na kiapo, na kiapo hakina uso wa kukutazama. Sasa hapa palikuwa na mtu tu, mwenye maganda ya kahawa kwenye nyusi, anayemsogezea maji ya kunawa.

"Kuhusu redio," Muharami akasema baadaye, walipokwisha kunywa chai. "Upige. Wasipousikia watadhani umekufa. Ila nyimbo zangu tatu utaje ni zangu."

"Nitataja. Na kusoma, je? Ulijifunza?"

"Sijui A mpaka leo. Nina simu. Watu wananitumia sauti, nawajibu kwa sauti, hakuna anayeniuliza gazeti tena." Akaweka kikombe chini. "Lakini Nata, kuna jambo moja kwenye ule wimbo sijalisamehe."

Nathanael akajikaza. "Sema."

"'Atachokonolea jino mdomoni.' Jino *mdomoni*? Kwani wengine tuna jino mgongoni? Ulikosa kina ukabandika mdomo! Nchi nzima inanicheka kwa mstari mbovu namna ile. Ungeniuliza, ningekutungia wa kunitukana vizuri."

Jumamosi saa nne asubuhi Nathanael alikuwa studio, amevaa vipokea sauti, na karatasi yake ilikuwa imejaa. Mtangazaji alikuwa binti mmoja mchangamfu aitwaye Hellen, ambaye mwaka "Hajui A" ulipotoka alikuwa hata hajaanza darasa la kwanza. Walipiga "Shikamoo Bukoba". Nathanael akasema mtunzi ni Muharami. Wakapiga "Rubisi ya Babu", akasema mtunzi ni Muharami. Kwenye "Barua kwa Mae" Hellen alifungua mdomo kuuliza, Nathanael akamwahi, "Muharami." Simu zikaanza kuingia, na ya tatu ilitoka Kamachumu. Nyuma ya sauti ya mpigaji ilisikika mashine inanguruma.

"Naitwa Muharami," sauti ikasema. "Nasikiliza. Endeleeni."

Hellen akakodoa macho, akafurahi kama mtu aliyeokota kuku njiani. Akamwomba abaki hewani. Nathanael ndipo akaeleza wimbo wa nne. Aliueleza wote bila kujipaka mafuta: siri ilikuwa ya nani, aliipataje, aliiuza kwa nini, na nani alihama mji kwa sababu ya wimbo huo. Alisema pia habari ya kibanda cha Hamugembe na nani aliyekijenga. Alisema samahani mbele ya mkoa mzima, kwa kuwa mbele ya nchi nzima ndiko alikokosea na mkoa ndio aliokuwa nao. Maneno yalitoka yote, na tumbo lilikuwa limetulia tu.

Hellen akajaribu kuifunga habari vizuri, kama walivyofundishwa.

"Kwa hiyo, mzee Nata K, hata baada ya yote hayo, nyinyi wawili bado ni ndugu. Mlinywana zamani, au ni ukoo mmoja?"

Nathanael alikuwa na majibu ya kila aina kwa swali hilo, aliyowapa watu miaka yote.

"Hapana," akasema. "Hatuna ukoo mmoja na hatukunywana. Alinipenda tu, bila kulazimishwa na mtu."

Kwenye simu mashine ya kahawa iliendelea kunguruma. Muharami alikohoa, akasafisha koo.

"Piga huo wimbo, Nata," akasema. "Dakika zangu zinakwisha."